Erica Luttrell katika televisheni ya watoto

Erica Luttrell alizaliwa Toronto mwaka 1982, katika familia iliyohamia Kanada kutoka Tanzania, alikozaliwa dada yake Rachel, naye pia mwigizaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliigiza kama Kara katika Shining Time Station, kipindi cha watoto kinachohusu kituo cha reli. Kazi iliyomtambulisha zaidi ni sauti ya Keesha katika katuni ya The Magic School Bus (1994–1997), ambamo mwalimu na wanafunzi wake huingia hata ndani ya mwili wa binadamu. Keesha, mmoja wa wanafunzi hao, hudai ushahidi kabla ya kukubali jambo, nafasi yenye heshima kubwa kwa msichana mweusi katika katuni ya sayansi.