Suluhu ya Asidi na Alikali

Siki ni kali, na magadi ni makali kwa namna yake. Vikichanganywa povu hupanda, kisha kila kimoja huvunja ukali wa mwenziwe. Jambo hili lilijulikana zamani. Hata jina alikali latoka katika Kiarabu, na asili yake ni majivu ya mimea. Lakini kujua kwamba jambo huwa si sawa na kujua kwa nini huwa, na baina ya elimu hizi mbili ilipita miaka mingi.

Mwaka 1664 Robert Boyle, wa Uingereza, alieleza kwamba maji ya maua ya zambarau hugeuka mekundu kwa asidi na ya kijani kwa alikali. Sasa wataalamu walikuwa na shahidi wa macho, ila sababu hawakuwa nayo. Lavoisier wa Ufaransa alidhani ameipata: aliitaja hewa moja oksijeni, yaani mzazi wa ukali, akiamini imo katika kila asidi. Mwaka 1810 Humphry Davy alionyesha kwamba asidi itokanayo na chumvi ya kula haina oksijeni hata kidogo. Maana ya jina ilianguka. Jina likabaki hata leo.

Kulikuwa na fumbo jingine. Asidi yenye nguvu ikikutana na alikali yenye nguvu, joto litokalo huwa karibu lile lile, kiasi cha kilojuli 57 kwa kila moli ya maji, hata asidi iwe ipi. Vitu mbalimbali vyawezaje kutoa joto moja?

Jibu lilitoka kwa kijana wa Uswidi, Svante Arrhenius. Mwaka 1884 alitoa tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Uppsala, juu ya umeme upitao katika maji yenye chumvi, naye akapewa daraja ya chini. Mwaka 1887 alisema wazi kwamba vitu hivi vikiyeyuka hutengana kuwa ioni, chembe zenye umeme. Wengi walistaajabu: sodiamu huwaka ikitupwa majini, itakaaje humo kimya? Walisahau kwamba sodiamu yenye umeme si sodiamu tupu. Basi asidi hutoa ioni za haidrojeni, alikali hutoa za hidroksidi, na mbili hizi huungana kuwa maji. Zilizosalia husimama kando, nazo ndizo chumvi. Tendo ni moja; ndiyo maana joto ni moja.

Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel. Hata hivyo, amonia huzima asidi bila kuwa na hidroksidi ndani yake. Kwa hiyo mwaka 1923 Brønsted na Lowry, kila mmoja peke yake, walipanua maana: asidi ni mtoaji wa protoni, na mpinzani wake ni mpokeaji. Aliyewasahihisha wakubwa alisahihishwa naye. Hiyo si aibu ya elimu, bali ndiyo heshima yake. Aibu ni ya mtahini apimaye wazo jipya kwa mizani ya mazoea.