Mwalimu Nyuma ya Kona

Masimulizi ya doo-wop, ule uimbaji wa vijana wa mijini Marekani katika miaka ya 1950, huanzia karibu kila mara mahali pamoja: wavulana wanne au watano wasio na hela ya gita, wamesimama kwenye kona, chini ya taa ya barabarani Harlem au Bronx. Mmoja anaimba maneno, wenzake wanamjazia kwa silabi zisizo na maana, na wa besi anashika mapigo kwa chini. Tunaambiwa ukata ndio uliowafundisha. Mimi nikiitazama hadithi hii kutoka kilima cha Old Kampala naona kuna mtu ameachwa nje, naye ni mwalimu.

Kilima chenyewe si kikubwa. Hapa ndipo Kapteni Lugard, mwanajeshi wa Kiingereza, alipojenga ngome yake mwishoni mwa 1890. Leo juu yake umesimama Msikiti wa Taifa wa Uganda, ulioanzishwa enzi za Idi Amin, ukakwama miaka mingi, ukamaliziwa kwa fedha za Libya na kufunguliwa 2007. Kilima jirani ni Namirembe, penye kanisa kuu la Waanglikana lililowekwa wakfu 1919, na mbele kidogo ni Mengo, makao ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Kila upande kuna mtu mzima ambaye kazi yake ni kuwafundisha watoto kuimba pamoja, na kuwakatiza wakikosea.

Anza na mtoto wa chuoni, yaani madrasa. Waislamu wa Buganda wana mataali: nyimbo za sifa na mawaidha zinazosindikizwa na matari kwenye Maulidi na harusi. Aliyewahi kuona Maulidi ya Homu ya Zanzibar, vijana wamepiga magoti safu nzima, bega kwa bega, wakiinama na kuinuka kwa pumzi moja, ataitambua nidhamu hiyo haraka. Kiongozi anatoa mstari, na silabi yake ya mwisho haijatua kundi limeshaidaka. Ugumu wote uko kwenye ule mwanya mdogo. Anayechelewa nusu ya pumzi anaharibu, anayewahi anaharibu zaidi, na tari halimngoji mtu. Kwa kawaida kundi huitikia kwa sauti moja, kwa hiyo analolipata mtoto hapa ni wakati: ajue lini aingie na lini anyamaze.

Mtoto wa kwaya hufundishwa jambo jingine. Solfa iko ubaoni, na sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne zinachambuliwa moja moja kabla ya kuunganishwa. Wa sauti ya tatu ndiye mwenye mtihani, kwa sababu wimbo anaoushika haufanani na wimbo anaousikia sikioni, na jirani yake anamvuta. Akiweza kubaki mahali pake huku akiwasikiliza wenzake, amehitimu.

Sasa chukua wimbo wowote wa doo-wop na uufumue. Utakuta vyote viwili: kupokezana kwa wakati wa chuoni, na sauti nne za kwaya. Kwa Wamarekani Weusi mafunzo hayo yalikaa chini ya paa moja, kwenye makundi ya gospel ya makanisani, ambako kiongozi anaita, wenzake wanaitika, nao wanaitika kwa sauti zilizogawanywa. Frankie Lymon, nyota mtoto wa doo-wop, hakuokota uimbaji barabarani. Baba yake aliimba gospel na kundi la Harlemaires, na yeye na ndugu zake waliimba katika kundi la watoto la jina hilohilo. Wenzake wa kundi walikutana shuleni, Edward W. Stitt, kaskazini mwa Manhattan: Jimmy Merchant na Sherman Garnes, Weusi, pamoja na Herman Santiago na Joe Negroni, wenye asili ya Puerto Rico. Mwanzoni mwa 1956, Lymon akiwa na miaka 13, wakatoa "Why Do Fools Fall in Love", uliofika namba moja Uingereza.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa wasichana. The Chantels, watano, walitoka shule ya Kikatoliki ya Mtakatifu Anthony wa Padua huko Bronx, nao walikuwa wameimba kwaya pamoja tangu utotoni, nyimbo za Kilatini zikiwamo. Sikiliza jinsi mwimbaji wao kiongozi, Arlene Smith, anavyoipandisha sauti katika "Maybe", uliotoka mwishoni mwa 1957: ile ni pumzi iliyonolewa kwa miaka mbele ya altare. Kona haifundishi pumzi ya namna hiyo.

Kona ilikuwa na kazi yake, na sitaki kuidharau. Mwalimu wa chuo au wa kwaya hakufundishi kumwimbia msichana wa jirani. Ngazi za ghorofa na vyoo vya shule, vyenye mwangwi mzuri, viliwapa vijana ruhusa ya kuyahamisha mafunzo ya ibada kwenye mapenzi. Bila ruhusa hiyo wangebaki wanakwaya.

Hapo naona kwa nini Old Kampala ina malighafi yote na bado haikuzaa kitu cha namna hiyo. Wakati unafundishwa msikitini, sauti nne zinafundishwa kanisani, na watoto wa dini mbili hawafanyi mazoezi chumba kimoja. Mahali wanapoketi benchi moja ni shuleni, na mashindano ya shule katika muziki, ngoma na maigizo yamekuwa yakidai kutoka kwa kwaya ileile wimbo wa mtindo wa Ulaya na wimbo wa asili.

Nairobi inaonyesha shule inaweza kufanya nini. Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi walikutana Upper Hill School, wakaimba katika kundi la Voices in the Light, kisha 2005 wakaungana na mpiga gita Polycarp Otieno kuwa Sauti Sol. Gita lilikuja baada ya sauti. Linganisha na Blu*3 ya Kampala, wasichana watatu wenye vipaji halisi waliokutanishwa na mashindano ya Coca-Cola Popstars mwaka 2004. Wao walichaguliwa na majaji, na miaka minne baadaye mmoja wao, Cindy Sanyu, alikuwa ameshaondoka.

Lakini kundi likiimba pamoja, nani mwenye wimbo? Swali hilo lilijibiwa Mengo zamani, kwenye amadinda, marimba ya Waganda. Watu watatu wanapiga madinda, yaani vibao, 12 ya chombo kimoja. Omunazi anaanza, omwawuzi anapenyeza mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenzake, na omukoonezi anaitikia kwenye madinda mawili madogo. Wimbo unaousikia haupigwi na yeyote kati yao, umepatikana kwa kusukana. Hakuna wa kumtoa pembeni na kumwita nyota.

Soko la New York lilimtoa mmoja pembeni. Ndani ya 1957 Lymon alikuwa ametengwa na wenzake aimbe peke yake. Alifariki 1968, kwa heroini, akiwa na miaka 25. Mwaka 1992 mahakama iliwatambua Santiago na Merchant kuwa watunzi wa "Why Do Fools Fall in Love", na 1996 rufaa ikawanyang'anya kwa hoja kwamba walichelewa kudai. Walipoingia studio walikuwa watoto, na hakuna mtu mzima aliyesimama upande wao. Sauti Sol walifika sokoni wakiwa kundi lililokwisha kujijua, wakafungua lebo yao, Sol Generation, mwaka 2019, na walipoagana na mashabiki Nairobi Novemba 2023 walikuwa bado wanne walewale.