Rimu ya karatasi, rimu ya gari

Ukiagiza "rimu" stesheneri, utapewa karatasi 500. Ukiagiza gereji, utaletewa chuma kinachobeba tairi. Maneno haya yamefanana kwa bahati tu. La karatasi chimbuko lake ni neno la Kiarabu rizma, yaani furushi. Lilizunguka Ulaya kwanza, likatufikia kwa Kiingereza. La gari limetoka kwenye neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya ukingo.

Neno la gereji halijitoshelezi. "Rimu 15" ni kipenyo kwa inchi, na wanunuzi wengi huishia hapo. Mwenye Toyota Mark II GX100 akitaja 15 tu, anaweza kurudi na rimu zisizoingia. Aseme pia "nati tano", kisha aulize kipimo cha duara linalopita katikati ya matundu ya nati. Gari lake linataka milimita 114.3, na zipo rimu za nati tano zenye 100. Corolla ya E110 ni nati nne, milimita 100. Tundu la katikati nalo lisiwe dogo kuliko kitovu cha gari, la sivyo rimu haitakaa.

Tusichanganye majina: tairi ni mpira, rimu ni chuma, gurudumu ni vyote pamoja. Na wingi wa rimu ni rimu: rimu moja, rimu nne. "Marimu" tuliache.