Amesinzia Kichwa: Habari za Kifafa cha Mahenge

Ninyi mnaosikiliza huko Iringa na Mbeya, karibuni katika somo letu la historia. Fungueni madaftari. Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno haya mawili: AMESINZIA KICHWA. Yasomeni pamoja kwa sauti.

Maneno hayo ni jina la ugonjwa. Leo twasoma jinsi ulivyojulikana, na jinsi wagonjwa na jamaa zao walivyosaidiwa.

Ukiteremka kutoka milima ya Iringa upande wa mashariki, utafika bonde la mto Kilombero. Ng'ambo ya bonde hilo iko milima ya Mahenge, katika wilaya ya Ulanga, mkoa wa Morogoro. Wenyeji wake wengi ni Wapogoro. Basi hawa ni jirani zetu.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Tanganyika daktari mmoja mwanamke kutoka Norway, jina lake Louise Aall. Huko Mahenge aliona jambo la ajabu. Wagonjwa wa kifafa walikuwa wengi mno kuliko kawaida. Tena wengi walikuwa na makovu ya moto. Kwa nini moto? Kwa sababu mtu wa kifafa akianguka karibu na mafiga, huungua. Na wenzake waliogopa kumgusa, maana waliamini kwamba mate yake huambukiza. Mgonjwa alikula peke yake, katika chombo chake. Alilala peke yake. Mama alimpenda mwanawe, lakini aliogopa.

Mwaka 1960 daktari huyo alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge. Alitoa dawa iitwayo fenobabitoni. Dawa hiyo si ghali, nayo ilikuwa imetumika duniani tangu mwaka 1912. Wengi walipata nafuu. Mtu aliyekuwa akianguka mara kwa mara sasa aliweza kushika jembe tena. Watu wa nyumbani walipoona hivyo, hofu ilianza kupungua.

Angalieni vizuri jambo hili, ndugu zangu. Dawa peke yake haikutosha. Mgonjwa anapaswa kuimeza kila siku, hata kama haanguki tena. Akiiacha ghafula, kifafa humrudia kwa nguvu, na pengine humwua. Nani atamkumbusha kumeza? Nani atatembea naye mwendo mrefu kwenda kuchukua nyingine? Ni jamaa yake. Kwa hiyo kumtibu mgonjwa bila kuwafundisha watu wa nyumba yake ni kazi nusu.

Daktari huyo aliona pia watoto ambao hawakuanguka kwanza. Kichwa chao kilishuka na kuinuka, kikashuka na kuinuka, kama mtu anayesinzia mchana. Wazazi walisema, "Amesinzia kichwa." Baadaye wengi wa watoto hao walipata kifafa kamili, na wengine akili na mwili vilichelewa kukua. Mwaka 1965 daktari aliandika habari za kifafa cha Wapogoro katika jarida la waganga la Ulaya. Wachache tu walizijali.

Miaka ikapita. Ugonjwa huo ukaonekana pia Sudan Kusini, kisha kaskazini ya Uganda, katika wilaya za Kitgum, Pader na Lamwo. Huko maelfu ya watoto waliugua, na wengi wao walikuwa wametoka katika kambi za wakimbizi wa vita. Baadhi ya wazazi waliwafunga watoto wao kamba wakienda shambani, wasije wakatumbukia motoni au majini. Msiwahukumu haraka. Walikosa msaada. Mwaka 2012 serikali ya Uganda ilifungua vituo vya matibabu katika wilaya hizo. Watoto walipewa dawa ya kifafa na chakula, na vidonda vyao vikatibiwa. Hawakupona wote, lakini wengi walipata nafuu, na wengine walirudi shuleni. Mwaka huo huo wataalamu wa dunia walikutana Kampala, wakakubaliana namna ya kuutambua ugonjwa huu.

Je, chanzo chake ni nini? Haujathibitishwa mnyororo wote. Lakini mahali palipo na kusinzia kichwa, pana pia ugonjwa wa usubi. Usubi huletwa na mdudu mdogo mweusi anayezaa katika mito yaendayo kasi. Akimwuma mtu, humtia minyoo midogo sana, nayo huharibu ngozi na macho. Kaskazini ya Uganda, mito iliponyunyiziwa dawa na watu wakameza ivermektini mara mbili kwa mwaka, wagonjwa wapya walikoma karibu kabisa.

Hapa somo lawagusa ninyi. Katika mkoa wa Mbeya, sehemu za Rungwe na Kyela zimejulikana tangu zamani kwa ugonjwa wa usubi. Kwa miaka mingi ivermektini imegawiwa vijijini bure, na wagawaji ni wanakijiji wenyewe. Pengine mtu asiyewashwa wala kuumwa macho husema, "Mimi mzima, vidonge vya nini?" Mjibuni kwa habari za Mahenge.

Na ukimwona mtu ameanguka kifafa, fanya hivi. Ondoa moto na vitu vikali karibu naye. Usimshike kwa nguvu. Usimtie kitu chochote mdomoni. Akitulia, mlaze ubavu. Ikipita dakika tano bila kutulia, mpelekeni hospitali. Mate yake hayaambukizi kifafa. Mfute uso, kisha mle naye sahani moja.

Maswali ya kujadiliana darasani:
1. Kwa nini wagonjwa wengi wa Mahenge walikuwa na makovu ya moto?
2. Kwa nini dawa peke yake haikutosha?
3. Katika kijiji chenu, mtu wa kifafa hula na nani?

Swali la tatu msilijibu kwa haraka. Nendeni nyumbani mkatazame kwanza.

Kwaherini, ndugu wanafunzi.