Jinsi ubora wa takwimu za ukimwi unavyopimwa Homa Bay na Migori

UKAGUZI wa ubora wa takwimu za afya ni kazi ya kulinganisha kilichoandikwa kituoni na kinachosomwa Nairobi. Kazi hiyo ina uzito wa pekee katika kaunti za Homa Bay na Migori, ambako utafiti wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulipata kiwango cha maambukizi ya virusi vya ukimwi kuwa asilimia 19.6 na 13 mtawalia, ilhali cha taifa kilikuwa asilimia 4.9. Dawa huagizwa kwa kufuata idadi ya wagonjwa inayoripotiwa. Idadi ikipotoka, dawa huisha kabla ya wakati au hupitwa na muda zikiwa ghalani.

Ripoti za kila mwezi zilianza kuingizwa nchini kote katika mfumo wa DHIS2, uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, mwaka 2011. Fomu ya MOH 731, inayohusu ukimwi, hujazwa kutokana na rejista za kliniki au programu ya KenyaEMR.

Vipimo viwili vya kwanza ni rahisi: je, ripoti imefika kwa wakati, na je, imejazwa yote? Kompyuta hujibu yenyewe. Ndiyo sababu vipimo hivyo hupendwa, ingawa ripoti yaweza kufika mapema, ikiwa kamili, na isiwe kweli.

Usahihi humlazimu mtu kufunga safari. Mkaguzi huhesabu upya wagonjwa walio katika rejista, kisha hugawanya kwa idadi iliyoripotiwa. Akikuta 48 mahali palipoandikwa 60, uwiano ni asilimia 80: kituo kimetia chumvi, au karani amekosea kujumlisha. Uwiano ukizidi 100, kuna walioachwa nje. Tofauti isiyozidi asilimia 10 huvumiliwa kwa kawaida.

Kigumu zaidi ni kujua kama mtu mmoja amehesabiwa mara mbili. Nambari ya mgonjwa kliniki ina tarakimu 10: tano za mwanzo ni za kituo katika orodha kuu ya vituo vya afya nchini, tano zilizobaki ni zake. Lakini wavuvi huhama kufuata samaki, leo Muhuru Bay, mwezi ujao Mbita. Anayehama na barua, nambari yake humfuata. Asiye nayo huenda akaandikishwa upya. Migori humhesabu kuwa amepotea, Homa Bay humhesabu kuwa mgonjwa mpya. Rejista zote mbili hupita ukaguzi, kwa kuwa kila moja yalingana na ripoti yake.

Wakati huo huo, mhudumu wa Muhuru hutumwa kumtafuta mtu anayemeza dawa zake Mbita, na katika orodha iyo hiyo yumo ambaye kweli ameacha dawa, naye hajafikiwa.