Mafua ya mbwa yalitoka kwa farasi

Mbwa wangu anakohoa, na jirani anacheka: «Mbwa naye anapata gripe?» Historia inamujibu. Mwaka 1963, kule Miami, Marekani, virusi vya H3N8 vilionekana kwa farasi. Miaka 40 hivi tukavihesabu kuwa vya farasi tu. Kumbe vilihama: Januari 2004, huko Florida, mbwa 22 wa mashindano ya mbio waliugua, 8 wakafa. Chanjo ilifika Marekani mwaka 2009 tu. Kabla ya hapo, kinga ilikuwa kumutenga mugonjwa, kuosha vyombo na mikono.

Mimi sindano ile sina. Lakini sahani yake naiosha peke yake, na kwa mbwa wa jirani haendi mpaka kikohozi kiishe. Wewe je, unafanya nini?