Korongo la Antelope: Kwa Nini Hakuna Anayeingia Bila Mwenyeji



Mfunguo Mosi uliopita, harusi zimepamba moto, bibi arusi mmoja alitujia dukani na picha kwenye simu. Hakutuonesha mshono, alituonesha rangi. Picha ilikuwa ya mwanya mwembamba kati ya miamba miwili. Kuta zake zilikuwa nyekundu chini, juu rangi ya chungwa lililoiva, na kwenye kivuli zikaingia zambarau. Katikati mwale wa jua ulishuka mpaka mchangani kama shifoni iliyoning'inizwa. Alitaka kitambaa cha rangi zile. Mchumba wake anasoma Marekani, na fungate, inshaallah, watakwenda kuifanyia huko huko.

Kisha akatuuliza: "Lakini nasikia huwezi kuingia wenyewe na mumeo. Lazima ulipie, muwekwe kwenye kundi, na mtu wa hapo awaongoze. Pango la Mungu hilo, mbona wanatuuzia?"

Kitambaa tulikipata. Swali ndilo lililotushinda siku ile, tukaenda kusoma. Tuliyoyakuta tunawaletea hapa, kwa sababu yanamhusu kila bibi arusi anayeota safari ya mbali, na yanatuhusu hata sisi tuliokaa.

Mahali penyewe

Picha ile ni ya Korongo la Antelope, karibu na mji wa Page, kaskazini mwa jimbo la Arizona. Ardhi hiyo ni ya Wanavajo, wenyeji wa Marekani tangu kabla Wazungu hawajafika. Wenyewe hujiita Diné, yaani watu.

Mwamba wake zamani ulikuwa vilima vya mchanga wa jangwani, karibu miaka milioni 190 iliyopita. Mchanga ukafunikwa, ukagandamizwa, ukawa jiwe. Baadaye mvua ikaanza kazi yake. Jangwani mvua hunyesha mara chache, lakini ikija huja kwa kishindo, na ardhi ngumu hainywi maji. Yote hukimbilia kwenye nyufa yakiwa yamebeba mchanga, na mchanga ule husugua kuta kama msasa. Mafuriko baada ya mafuriko, ufa ukawa njia, na kuta zikabaki na mikunjo kama hariri iliyopepea.

Sehemu ni mbili. Ya juu ina urefu wa mita 200 hivi na chini ni tambarare. Wanavajo huiita Tsé bighánílíní, maana yake mahali maji yapitapo ndani ya mwamba. Ya chini ni ndefu zaidi na nyembamba zaidi, na hushukwa kwa ngazi. Hiyo huitwa Hazdistazí, matao ya mwamba yaliyojizungusha. Tazameni jina lile la kwanza. Watalii wanakuja kufuata mwanga, lakini wenyeji walipatia jina la maji. Wao wanajua nani fundi wa jumba lile.

Wanawake wenye kondoo

Kwa Wanavajo mtoto huhesabiwa ukoo wa mama yake. Kondoo na mbuzi kwa desturi walikuwa mali ya wanawake kama ya wanaume, na aliyefuma blanketi kwa sufi ya kondoo wake alikuwa mwanamke. Blanketi zao zilisifika na kuuzwa mbali. Sisi tunaokula kwa sindano tunajua hiyo ina maana gani: mwanamke mwenye kazi mkononi ana kauli nyumbani.

Mwaka 1863 jeshi la Marekani, likiongozwa na Kit Carson, liliwaingilia. Mashamba yalichomwa, mifugo ikauawa, mipichi ikakatwa. Kuanzia mwaka 1864 maelfu ya Wanavajo walitembezwa kwa miguu kama kilomita 480 hadi Bosque Redondo, New Mexico. Wazee na wajawazito walioshindwa kwenda waliachwa njiani. Huko kambini walikaa miaka 4 kwa njaa na maradhi. Wapo waliokwepa kukamatwa kwa kujificha makorongoni, maana wao ndio waliojua pa kuingia na pa kutokea.

Tarehe 1 Juni 1868 ulitiwa saini mkataba wa kuwarudisha kwao. Ndani yake serikali iliahidi kuwapa kondoo na mbuzi 15,000. Wakaanza upya na wale wanyama, wanawake wakarudi kwenye mitande ya kufumia.

Haikwisha hapo. Katika miaka ya 1930 serikali ilisema mifugo imezidi na inaharibu udongo, ikaamuru ipunguzwe. Kondoo, mbuzi na farasi kwa malaki waliondolewa, na wengi walipigwa risasi mbele ya wenyewe. Mwanamke aliyelala na utajiri aliamka hana kitu, na wala hakuulizwa. Mpaka leo Wanavajo huyasimulia hayo kwa uchungu.

Simulizi za huko zinasema ni msichana mchungaji wa kondoo, katika miaka hiyo hiyo, aliyeliona korongo la juu na kuwaambia wakubwa wake. Sisi tunaisikiliza simulizi hiyo kwa adabu, ingawa mahali penye jina la kale hapakuwa pamesahauliwa.

Mji wa Page ulianza mwaka 1957, kuwa kambi ya wafanyakazi wa bwawa la Glen Canyon. Barabara zikaja, wageni wakafuata, kisha kamera. Mwaka 1997 Wanavajo walilifanya korongo kuwa hifadhi yao wenyewe. Leo haingii mtu bila kundi na kiongozi mwenye kibali chao. Kwa hiyo lile la "wanatuuzia" lina jibu. Watu walionyang'anywa mashamba, kondoo na miaka 4 ya maisha yao, wakibaki na mlango mmoja mikononi, wana haki ya kuusimamia.

Siku ya Agosti

Lakini ada ya mwenyeji ni nusu tu ya jibu. Nusu ya pili ni nzito zaidi.

Tarehe 12 Agosti 1997 watalii walikuwa wameshuka korongo la chini. Palipo korongo mvua ilikuwa kidogo sana. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha mbali, upande wa juu, wasikokuona. Maji yakateremka mkondo, yakaingia kwenye ule mwanya mwembamba kama ukuta. Ngazi za wakati ule zilikuwa za mbao, zikasombwa. Watu 11 walikufa, wengi wao wageni kutoka Ulaya. Aliyeokoka ni mmoja tu, kiongozi wa msafara, ambaye aliwahi kufunzwa namna ya kujiokoa katika maji ya kasi.

Sisi watu wa visiwani tuna msemo: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mgeni anayekwenda fungu la mchanga kwa mtumbwi huona mchanga mweupe na bahari tulivu. Nahodha huona saa ya maji kujaa. Na kule jangwani ndivyo hivyo. Mgeni hutazama mbingu iliyo juu ya kichwa chake, mwenyeji huuliza habari za mbingu ya mbali.

Baada ya msiba ule ziliwekwa ngazi za chuma zilizokazwa mwambani, nyavu za kuokolea juu ya korongo, redio ya taarifa za hali ya hewa na king'ora. Mwaka 2010 maji yalikuja tena, watalii wakakwama juu ya mwamba hadi yalipopungua. Wanavajo wakifunga korongo kwa sababu ya wingu lililo mbali, usinung'unike kwamba umepoteza siku.

Kiongozi wa Hijra

Dada zetu, kuna msafara wa jangwani tunaoujua toka madrasa. Mwaka 622 Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, na Abu Bakar, radhiya Allahu anhu, walipotoka Makka, walijificha siku 3 katika pango la Thawr. Bi Asmaa binti Abu Bakar aliwafungia chakula. Hakukuwa na kamba ya kufungia, akaupasua mshipi wake, na kwa kitendo hicho akaitwa mwenye mishipi miwili. Sisi mafundi cherehani kisa hicho tunakipenda sana, kwamba kipande cha nguo ya mwanamke kimeingia katika historia ya Hijra.

Na kiongozi wa njia alikuwa nani? Abdullah bin Urayqit, mtu wa kukodiwa, na wakati ule alikuwa bado katika dini ya Makureshi. Walimkabidhi ngamia wao wawili, wakaahidiana naye baada ya siku 3, akaja. Akawapitisha njia ya pwani waliyoizoea wachache. Pamoja na Amir bin Fuhayra, msafara wote ulikuwa wa watu 4.

Mtume wa Allah, anayeteremshiwa wahyi, alimlipa mwenyeji wa jangwa amuongoze. Kutegemea Allah hakukumzuia kumfuata anayeijua njia, wala hakuona unyonge kuwa nyuma yake. Basi sisi ni nani tuone kiongozi wa Kinavajo ni gharama ya bure?

Na kwetu pia, bibi arusi hapelekwi nyumba ya mume bila somo. Anakaa naye, anamuelekeza, anamtahadharisha. Msichana mwerevu hamuoni somo kuwa amemzibia njia. Korongo nalo lina masomo wake.

Ukijaaliwa kwenda

Nenda na mumeo au mahramu wako, na muweke nafasi mapema, maana makundi hujaa. Mwale wa jua huonekana zaidi korongo la juu, miezi ya joto, jua likiwa karibu na utosi. Ndiyo saa ya kukaribia adhuhuri, kwa hiyo pangeni mapema mtaswali wapi mkitoka.

Kwa nguo, korongo la chini lina ngazi nyembamba na za wima. Buibui pana litanasa. Shona gauni refu lisilopita kifundo cha mguu, lenye mkato pembeni na suruali ndani, na mtandio wa pamba usioteleza. Mchanga huanguka kutoka juu, kwa hiyo pembe ya mtandio itakusaidia kuziba pua. Mikoba hairuhusiwi, basi tia mfuko ndani ya gauni.

Wazee wa Kinavajo walikuwa wakisimama kimya kabla ya kuingia, kwa heshima. Sisi ibada yetu tunaijua na hatuchanganyi na ya mtu mwingine, lakini kunyamaza mahali pa watu ni adabu. Leta tasbihi moyoni. Qur'ani imetutajia mawe yanayopasuka yakatoka maji, na hapo utaona kwa macho maji yalivyolipasua jiwe.

Bibi arusi wetu alirudi kupima gauni wiki mbili kabla ya harusi. Tulimsimulia haya yote huku tukimbana kiuno kwa pini. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi tutalipa, na nikimkuta kiongozi mwanamke nitampa leso." Tukampa moja ya kwetu aipeleke.

Allah awajaalie mabibi arusi wote safari za heri, waume wema na wenyeji waaminifu njiani. Aamin.